Trekta la Baba Uwanjani Qurum

Muscat, Jumatatu

Kaka Humam,

Assalamu alaykum. Nnakuandikia kwa mkono, na mwandiko wangu unaujua tangu skuli, basi vumilia. Hujambo? Goti je, unaweza kusujudu sasa au bado unasali juu ya kiti? Shemeji na watoto wazima? Sisi huku alhamdulillah. Mama sukari yake imeshuka, anakula vizuri, na kila akimaliza sala ya alasiri anakuulizia. Mie ndiye sina raha. Nimeudhika mpaka chakula hakipiti, na nusu ya maudhi yenyewe nimejitakia.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara kumi na moja, hupokei. Kundi la familia umetoka tangu Jumamosi bila ya kusema kwaheri. Ndiyo maana nimempa barua hii Reem, binti ya ami, anayesafiri Jumatano kuja Unguja. Nimemwambia asiondoke kwako mpaka aone umeifungua.

Nnajua video ya maonyesho imekufikia. Basi nikueleze tangu mwanzo. Miezi minne nyuma ilitangazwa kwamba Qurum kutakuwa na maonyesho ya mashine kongwe za kilimo: matrekta, mashine za kuvuta maji visimani, hata injini moja ya mvuke iliyoletwa kutoka nje. Nikalikumbuka trekta la Baba, limelala bandani kule shamba la Barka miaka thelathini, kuku wanataga juu ya kiti. Nikasema hili nitalifufua, watu waone kazi ya marehemu. Laiti ningejua!

Kaka, limenitoa roho. Fundi wa Wattaya aliniahidi wiki mbili, zikawa kumi. Kila nikienda ananambia bukra inshallah, kesho, na kesho haifiki, kisha ananimiminia chai, na mtu aliyekupa chai utamgombezaje? Pampu ya dizeli ilikuwa imeganda kwa kutu, na kupata nyingine ya umri ule ni kazi ya kutafuta sindano mchangani. Wanakamati nao, Mungu awasamehe! Nimelipaka rangi mpya nyekundu, linang'ara, wakanambia niikwangue, wao wanataka ukongwe uonekane. Nimekwangua siku mbili. Nilipomaliza wakasema kila mwenye mashine alete na historia yake, nusu ukurasa, isomwe kwenye kipaza sauti kabla ya kuiwasha. Mie na kalamu tumegombana zamani, nikamwachia dada yetu Mazoon aandike.

Mazoon kaandika anayoyajua, na hana makosa, yeye alikuwa hata hajaanza kusema wakati ule. Kaandika namna Baba alivyohamia huku kutoka Unguja hajui hata kupanda mtende, akanunua trekta, akawalimia na majirani. Halafu kaandika namna lilivyokufa: kwamba mtoto mkubwa aliacha kifuniko cha tangi wazi, mvua ikanyesha, maji yakaingia kwenye dizeli. Aliliona ni jambo la kuchekesha tu. Mtangazaji naye akatia chumvi yake, na watu wakacheka. Mie niko juu ya kiti, nangoja kuwasha, nacheka nao. Umeona sawasawa, Kaka. Nilicheka. Kisha likawaka, watu wakapiga makofi, nami nikashuka nikaenda nyuma ya mahema nikaanza kukupigia.

Nnajua neno lile lilikufanyia nini. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikufokea mbele ya majirani na vibarua, akasema huna mkono wa kuaminiwa na kitu. Ukaapa wallahi kifuniko umekifunga. Hakukusikiliza. Mwezi haukwisha ukenda zako kwa shangazi Unguja, na hata maziko yake hukuja.

Kifuniko ulikifunga. Aliyekifungua ni mie.

Wiki ile jirani mmoja alikuja akasimama mbele ya trekta, akalisifu weee, na mashallah hakusema. Mama alichukia. Akasema jicho lile halitatuacha salama. Na nyumbani kulikuwa na kombe: mwalimu alimwandikia aya kwa zafarani juu ya sahani, kwa maumivu yake ya kichwa, akaziosha kwa maji ya marashi, na Mama akayatia chupani awe anakunywa kidogo kidogo. Nilikuwa na miaka tisa, Kaka. Nikaona mtu aliyepatwa na jicho hunyweshwa kombe, basi na trekta linyweshwe, na mdomo wake si ule wa kutilia dizeli? Nikapanda, nikafungua, nikasoma Fatiha, nikamimina chupa nzima. Kifuniko nikakisahau chini. Mvua ikaja baadaye ikamaliza, na kila mtu akaona ni kosa lako.

Nilinyamaza kwa kuogopa bakora. Ulipoondoka nikanyamaza kwa aibu. Nilipokuwa mtu mzima nikajidai yamekwisha, ya nini kuyafukua.

Lakini hilo ni la mtoto, na la mtoto husamehewa. Hili la pili nimelifanya nna ndevu. Siku tatu kabla hajafariki, Baba alinishika mkono kule hospitali, akanambia nikupigie, anataka kukwambia mwenyewe kwamba amekusamehe lile la trekta. Nikatoka ukumbini na simu. Nikaliangalia jina lako. Ningekuunganishaje na msamaha wa kosa langu, uape tena, naye aanze kuuliza? Sikupiga. Nikarudi ndani nikamwambia hupokei. Baba akasema basi, bado ana hasira, mwache. Hakukutaja tena mpaka anakufa.

Hupokei simu zangu leo, na ni haki yako. Siku ile ungepokea.

Jana nimewaambia Mama na Mazoon yote haya, bila ya kupunguza. Ijumaa maonyesho yanafungwa, na nimeshaomba kipaza sauti. Kamati wamenambia dakika mbili tu, na wanaudhi watu hawa, lakini zinatosha. Atakayecheka na acheke, safari hii atanicheka mwenyewe. Wewe sikuombi unisamehe kwa barua. Nnaona haya hata kuliandika neno hilo. Nnataka ujue tu.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mazoon analia na anakusalimu. Mama anakusalimu sana, anasema uje, kabla hajafa naye. Nimezifikisha salamu zake kama alivyozisema.

Ni mie, mdogo wako,
Thani