Kente ya Marehemu Kwenye Video ya Konadu

Dufie, hapa Mampong hakuna bibi anayenishinda kwa simu. Leo nimeishika juu chini mpaka mjukuu wangu Konadu akanigeuzia.

Sikiliza, shoga.

Konadu alinirekodi nikitwanga mihogo ya fufu, akaiweka video kwenye ukurasa wake wa kazi za shule mtandaoni. Darasa linaijadili, mwalimu anatoa alama. Leo mtoto mmoja kaandika: "Yule babu anayepita nyuma ni nani?"

Babu gani? Tunaishi wawili tu!

Nikatazama. Dufie, nyuma yangu anapita mtu kajifunga kente, nguo ya fahari ya marehemu mume wangu. Ile ile, yenye kona niliyoiunguza kwa pasi. Ile tuliyomzikia! Uso hauonekani. Anapita polepole, mkono mgongoni, kama Agyei wangu. Nimeirudia, nimeirudia. Anapita tu.

Konadu analia: "Nana, niifute?" Akiifuta, alama hana. Asipoifuta, mimi silali tena nyumba hii.

Nikamwita shemeji Baffour, akaja, si ndiye aliyemvika marehemu?

"Mke wetu, nilimfunga kente kwa mikono yangu hii, jeneza likafungwa."

"Basi huyu ni nani?"

"Ni yeye. Anataka maombi."

Konadu akapandisha sauti, ambayo mimi sijui inapandishiwa wapi. Kwenye video, simu ya mzimu ikaita: jogoo anawika.

Kupiga simu najua, Dufie. Nikabonyeza jina la Baffour.

Jogoo akawika mfukoni mwake.