Nimeazima Mbwa Ili Nisilale Paa Moja na Mkwe

Mpendwa Mama Veronicah,

Nisaidie haraka kabla ya Ijumaa, na tafadhali jina langu usilichapishe maana nina wateja. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na minane, nasuka nywele Kenyatta Market, naishi Kangemi, na tangu nizaliwe sijawahi kupenda mbwa, kwetu Magharibi mbwa ni wa nje, hutupiwa mabaki na kufukuzwa kwa ufagio, na sasa hivi ninapokuandikia kuna mbwa amelalia miguu yangu, na huyo mbwa si wangu, nimemwazima.

Binti yangu Ivyne ameolewa na kijana wa Kinoo, mwana wa Mzee Kinyanjui na Mama Hannah, kijana mwenye adabu na mwenye kazi yake ya ofisi mjini, jina lake sitaliandika kwa kuwa kwetu mama mkwe halitaji ovyo jina la mkwe wake, wala hampi mkono, wala hatumii naye choo kimoja, na zaidi ya yote halali naye chini ya paa moja. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Sasa mwaka juzi Ivyne alipojifungua nilienda kwao, nikampikia uji, nikamwogesha mtoto, jioni ikafika na mvua kubwa, Ivyne akaniambia nilale, nikakataa, nikachukua mwavuli nikaenda kulala kwa rafiki yangu Shiku pale Uthiru. Ivyne alilia. Aliniuliza, "Mathe, kwani nyumba yangu iko na nini?" Nikamwambia ni heshima, akasema, "Hiyo ni heshima ya ushago. Hapa ni Nairobi." Baadaye nikasikia kwa watu kwamba mkwe wangu alidhani nimeidharau nyumba yake kwa sababu yeye ni Mkikuyu. Mama Veronicah, neno hilo liliniuma sana na bado linaniuma, lakini nitamweleza vipi, na mkwe si mtu wa kukaa naye chini mkaongea mambo ya kulala?

Basi mwezi uliopita Ivyne akaja kibandani kwangu akicheka, akaniambia mkwe wangu amelipia familia yote siku tatu katika hoteli ya mapumziko kule Naivasha, ati nimefanya kazi miaka thelathini bila likizo na sasa ni zamu yangu kutandikiwa kitanda na mtu mwingine. Mimi sijawahi kulala hotelini. Nilifurahi mpaka nikamsuka mteja mistari miwili ikaenda kombo nikaanza upya. Kisha Ivyne akanionyesha picha kwenye simu, nikaona ghorofa moja ndefu, paa moja jekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, na vyumba vyetu vimefuatana. Furaha yote ikaniisha. Na Ivyne aliniambia kabisa, "Mathe, hii ukikataa, sitawahi kukualika mahali tena." Namjua mtoto wangu, hakuwa anatania.

Nikafanya jambo ambalo niliona ni akili. Nilipiga simu hotelini mwenyewe. Binti wa mapokezi akaniambia, "Madam, rooms zote ziko kwa main building, lakini kuna vijumba huku kwa bustani, hapo ndio tunaweka wageni wako na mbwa." Nikamuuliza kama viko mbali na ghorofa. Akasema, "Kama dakika tano hivi kwa miguu." Dakika tano! Paa lake peke yake! Kabla sijafikiri mdomo ulikuwa umeshasema, "Mimi niko na mbwa." Akaniuliza ni wa aina gani. Mlango wangu wa nyumbani unatazamana na lango la karakana ya mbao ya Okinyi, na hapo langoni alikuwa amelala Chifu, mbwa wake wa kahawia, ametapakaa vumbi la mbao. Nikamjibu, "Mkubwa."

Okinyi ana mbwa wengine wawili, kwa hiyo alinipa Chifu bila maswali, alicheka tu. Hoteli ilitaka cheti cha chanjo, nikampeleka Chifu kwa daktari wa mifugo, aliponiuliza jina la mwenye mbwa nikaandikisha langu. Uongo wa pili huo. Na kwa kuwa Chifu hajawahi kukaa ndani ya nyumba ya watu nikaona nimzoeze wiki mbili, asije akaniaibisha. Siku ya kwanza aliogopa zulia. Siku ya pili alikula sabuni. Nikaanza kwenda naye kazini, na wewe unajua Kenyatta Market ni nyama choma tupu, Chifu alivuta kamba akaniburuta mpaka mbele ya meza ya Mbuthia mchinjaji, mimi na kitana mkononi, na Mbuthia badala ya kukasirika akampa mfupa, na siku hizi humwekea wake kila siku saa saba mchana. Wateja wamemzoea. Chifu hulala chini ya kiti cha kuoshea nywele, na mteja akipiga kelele kwamba namvuta sana, Chifu huinua kichwa akanitazama mimi, ananilaumu kabisa. Jioni nikifungua mlango ananitangulia, anakagua chumba, kisha anakaa kwenye blanketi la maua nililomnunulia Gikomba, kwa sababu sakafu ni baridi. Namwambia mambo ya siku. Anasikiliza vizuri kuliko marehemu mume wangu, Mungu ailaze roho yake pema.

Sasa sikia balaa. Hoteli ilimpigia mkwe wangu kuthibitisha mbwa. Naye akanipigia, na si kawaida yake kunipigia, huwa anamtuma Ivyne. "Mum! Hukuniambia uko na mbwa! Mimi nimekua na mbwa maisha yangu yote, Ivyne ndio hukataa waingie ndani." Sauti yake ilikuwa imejaa furaha. Halafu akasema, "Unajua Mum, nilikuwa nafikiri hunipendi." Nikamwambia Chifu anamsalimia.

Kesho yake Ivyne akaniletea habari njema, yaani kwake yeye ni njema. Mkwe wangu amefuta vyumba vyao vya ghorofani. Atakuja na mbwa wake mdogo anayeitwa Biskuti, na amechukua kijumba kimoja cha bustanini chenye vyumba viwili vya kulala, wao huku na mimi kule, ili Biskuti na Chifu wajuane. Kijumba kimoja! Paa moja dogo kuliko lile la kwanza! Na choo ni kimoja, Mama Veronicah, nimeuliza!

Nimefikiria kuugua. Nimefikiria kulala ndani ya gari. Nimefikiria kusema Chifu amekufa, lakini nikimtazama nashindwa kulitamka hilo neno. Nikikataa kwenda nimempoteza mtoto wangu na mkwe ataamini moja kwa moja kwamba namchukia. Nikienda nimevunja heshima ambayo mama yangu hakuivunja hata siku moja. Nifanyeje?

Mimi, Asiyetaka Jina Lake Lichapishwe, Kangemi.

*

MAMA VERONICAH ANAJIBU

Mama Ivyne, kwanza pole, na pili kuhusu jina lako. Umetaka nikufiche, kisha ukanitajia binti yako, wakwe zako, mchinjaji wako, jirani yako, na mbwa wawili. Jina lako sijalichapisha kama ulivyoomba, lakini Kenyatta Market yote itakuwa imekujua kabla ya saa nne asubuhi. Afadhali ujiandae kucheka pamoja nao.

Nimekucheka mpaka nikafuta machozi, lakini mila yako sijaicheka. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Kikuyu, na nyanya yangu akimwona mkwe wake anakuja njiani alikuwa anakata kona na kuingia kwenye mahindi ya watu, mtama kichwani na yote. Usione haya kwa heshima uliyofundishwa. Ona haya kwa hili: ulikuwa na neno moja la ukweli, na mtu wa kwanza uliyempigia simu ni binti wa mapokezi wa hoteli. Huyo anakuhusu nini? Mkwe wako amekaa miaka miwili na swali moyoni, wewe umekaa miaka miwili na jibu lake, mkabaki kila mtu kwake. Uliondoka na mwavuli bila kueleza, naye akajieleza mwenyewe kadiri alivyoweza, na akapata maelezo mabaya. Kijana hana kosa hapo. Wewe unalo.

Na usimlaumu sana Ivyne. Yeye aliona mama yake anaikimbia nyumba yake kwenye mvua siku mtoto wake amezaliwa. Mila hakuiona, aliona mgongo wako.

Unasema mkwe si mtu wa kukaa naye chini ukamweleza mambo ya kulala. Kweli, na ndiyo maana wazee hawakukuacha bila njia. Mambo ya ukwe hayabebwi na mama mkwe mwenyewe, yanapitia kwa mtu wa kati. Huyo mtu unaye na hata umemtaja kwa jina. Leo hii, ukimaliza kusoma gazeti, mpigie Mama Hannah wa Kinoo. Yeye ni mama wa kijana, ni rika lako, na kwao pia mama mkwe ana heshima yake. Mwambie yote: mwavuli, Uthiru, hoteli, karakana ya mbao. Usipunguze. Atakucheka kwanza, mwache acheke, halafu atamwita mwanawe na kumwambia kwa lugha ya nyumbani kitu ambacho wewe hukuweza kumwambia. Kijana aliyelelewa na mama wa Kikuyu akiambiwa na mama yake, "Yule mama alikukimbia kwa sababu anakuhesabu kuwa mkwe kamili," atakaa wima. Atajua kwamba hujakimbia nyumba ya Mkikuyu. Ulikimbia nyumba ya mkwe, na mtu hamkimbii mkwe ambaye hamtambui.

Ivyne umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, na usianze na mila. Anza na samahani ya ile siku ya mvua.

Okinyi naye umwambie habari ya cheti, maana mbwa wake amebadilishiwa mwenyewe kwenye karatasi akiwa hajui.

Sasa hoteli. Kwa kuwa umeniandikia jina lake (hilo nimelificha kweli), nilipiga simu jana. Nikauliza, je, mtu asiye na mbwa anaweza kulala kwenye vijumba vya bustani? Binti akanijibu, "Anaweza, bora kuwe na nafasi." Nikarudia, bila mbwa kabisa? "Bila mbwa kabisa, Mum. Mbwa ndio hawaruhusiwi kwa ghorofa. Watu wanalala popote." Nikamuuliza kama wikendi hii kuna kijumba kingine kitupu. Viko viwili, kimoja kina chumba kimoja na choo chake, mwisho kabisa wa bustani. Nimemwomba akishikilie hadi kesho jioni. Mama Hannah akishazungumza na mwanawe, kijana apige simu akichukue.

Umesikia, Mama Ivyne? Hukuhitaji mbwa. Ulihitaji swali moja zaidi kabla ya kukata simu.

Kwa hiyo Ijumaa nenda. Kaa kiti cha nyuma cha gari, mpakate mjukuu. Mchana kaeni pamoja wote, mezani ukae upande wa binti yako, ule ushibe, usiseme chakula cha hoteli hakina chumvi. Kitanda ukikuta kimetandikwa usikitandike upya. Usiku uage, utembee kwenda kijumba chako, na mkwe wako akusindikize kwa macho tu kutoka barazani kwake. Asubuhi mkutane kwenye nyasi, kila mtu na mbwa wake, muongee habari za mbwa. Mkwe na mama mkwe wanahitaji kitu cha kuongea ambacho si wao wenyewe, na ninyi mmekipata.

Ndiyo, nimesema kila mtu na mbwa wake. Najua nimekuambia humhitaji. Mpeleke hata hivyo. Nimeisoma barua yako mara tatu, Mama Ivyne. Uliniandikia kuomba msaada juu ya mkwe, na katikati umenieleza mahali mbwa anapolala mchana, saa anayokula mfupa, anavyokulaumu kwa macho, na blanketi la maua kwa sababu sakafu ni baridi. Mwanamke aliyeazima mbwa kwa shida ya wikendi moja hasafiri hadi Gikomba kuchagua maua. Ulipofika mahali pa kusema Chifu amekufa, ukashindwa hata kuongopa, wewe ambaye ulishaongopa mara mbili bila kupumua.

Jumatatu mkirudi kutoka Naivasha, mwite Okinyi atoke. Wewe simama mlangoni pako, yeye asimame langoni pake, Chifu awe katikati ya njia. Mfungue kamba. Mtu yeyote asimwite, mwacheni achague mwenyewe pa kwenda.

Halafu cheti usikibadilishe.