Wakili Aliyetaka Kuona Maji

Jumatano, 8 Oktoba
Mwezi kumi na tano, mpevu. Bamvua, maji hujaa sana na hukauka sana. Saa nne na nusu asubuhi maji yamekauka, fungu lote la mchanga liko nje. Abiria wanne kutoka uwanja wa ndege wa Manda. Nimezunguka nje ya nguzo nyekundu ya ukingo wa fungu. Mbali, lakini maji yakiwa hivi njia ni hiyo moja. Mmoja kanuna, ana haraka ya kufika mjini Amu. Na anune.

Wiki jana, Jumatano kama leo, saa kama hii, maji yalikuwamo. Nilikata ndani ya nguzo, juu ya fungu, mashine wazi, kasi yote. Wimbi likaupiga mtumbwi wa Bi Mkasi, kapu lake la mahamri likapinduka. Nilimwona akiyaokota majini. Sikurudi. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimeitwa gatini baada ya sala. Askari mgeni, wa bara, hajamaliza miezi mitatu hapa. Kanipa karatasi ya mashtaka. Kuendesha boti kwa kasi ya hatari. Eti juzi Jumatano! Juzi nilikwenda kama mgonjwa! Nimepiga kelele mpaka wapagazi wakaweka mizigo chini kunitazama.

Mwaka jana nilionywa. Mara ya pili cheti cha unahodha kinachukuliwa. Miaka ishirini na miwili kwenye boti, kazi nyingine siijui. Naogopa.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mke wangu Mwanaisha asema nitafute wakili. Wakili wa nini? Mawakili ni wa mashamba na mirathi. Akanijibu, "Weye una hasira, huna maneno. Mtafute mwenye maneno." Ana haki, na hilo laudhi zaidi.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimeajiri wakili. Ofisi iko mtaa wa Langoni, juu ya duka la vitambaa. Nilitarajia mzee mwenye miwani. Nimemkuta binti wa bara, Wakili Muthoni, rika la kifungua mimba wangu. Kaniuliza kama boti ina breki. Ya Rabbi. Nimetia saini kwa mkono mzito.

Jumanne, 14 Oktoba
Kortini. Nimekana mashtaka. Karani kasoma kila neno, mimi nimesikia "kasi" tu, masikio yakaziba. Tulipotoka wakili kaniuliza: umesikia wamesema ulipita wapi? Sikusikia. Kasema kesho nimpeleke hapo mahali, saa ile ile.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimempeleka. Jaketi la kuelea kalifunga mpaka kidevuni, mikono yote miwili kwenye ubao. Katapika mara moja, kajifuta, kafungua karatasi. "Kati ya nguzo nyekundu na ufuo wa Manda." Kaangalia maji yamejaa tele. Kasema, hapa boti inapita. Nikasema leo inapita. Akauliza, na siku ile?

Nikaitazama nguzo. Siku ile palikuwa mchanga! Mimi, nahodha, nimetukana siku tano nzima na sikufikiria maji. Binti asiyejua kuogelea ndiye aliyeyauliza. Subhanallah.

Kauliza kama nimeandika popote. Nikasema nina daftari.

Alhamisi, 16 Oktoba
Sikuwa nimewaza vizuri. Ukurasa wa bamvua ndio wenye habari ya Bi Mkasi. Nilisimama na daftari mlangoni kwake nikitaka kurudi nyumbani. Nimempa. Kasoma juu mpaka chini, kisha kasoma tena. Mimi naangalia feni.

Hakunifokea. Kasema, "Korti inauliza Jumatano ya tarehe nane, na daftari hatulihitaji, mchanga utatosha. Ile Jumatano nyingine, Nahodha, ni yako mwenyewe." Akanirudishia. Nimeshuka ngazi, daftari kwapani.

Jumanne, 28 Oktoba
Kesi. Askari katoa ushahidi. Nilidhani wakili atamrarua. Wapi! Kamwuliza kwa adabu: mahali? Saa? Tarehe? Kisha tena. Kisha tena. Akashika yale yale, akaapa. Wakili akaketi. Nilitamani kumvuta nguo. Kisha akasimama kuomba korti yote iende Manda tarehe sita Novemba, saa nne na nusu. Mwendesha mashtaka kacheka. Hakimu hakucheka. Kakubali.

Jumatano, 5 Novemba
Sikuonja chakula. Na kama bahari kesho itanifanyia ukaidi? Najua haiwezi. Nimekwenda kuangalia mwezi mara tatu hata hivyo.

Alhamisi, 6 Novemba
Mwezi kumi na tano tena.

Hakimu kavua viatu, soksi kazitia ndani ya kimoja. Kakunja suruali. Akatembea. Kutoka ufuoni mpaka kwenye nguzo nyekundu, kwa miguu yake, karani nyuma kabeba faili kichwani bila sababu, maana maji hayakumfika hata kifundo. Kaa wakimkimbia. Hakimu kaigonga nguzo kwa kiganja, mara mbili. Nimeliona fungu lile maisha yangu yote, leo nimelionea hofu, kama mtu aliyesimama msikitini. Lilinisemea lenyewe. Na aliyejua kuliita ni mtoto wa watu aliyelowa pindo la sketi, anatetemeka kwa woga wa kaa.

Askari alisimama anaangalia karatasi yake, anaangalia mchanga. Kasema polepole, "Lakini nilimwona kwa macho yangu."

Aliniona. Najua alichoona. Jumatano iliyotangulia, maji yakiwamo. Si mwongo, kakosea wiki tu alipoandika, hajui kwamba maji yana zamu. Wakili aligeuka akanitazama mimi, si yeye.

Mchana mashtaka yametupwa. Cheti ninacho. Mwanaisha kapiga vigelegele. Mimi nilikaa tu.

Jumamosi, 8 Novemba
Mwezi kumi na saba. Maji mazuri.

Nimekwenda kwa Bi Mkasi alfajiri, akiepua mahamri. Nimemwambia ni mimi. Kasema alijua, mashine yangu aijua kwa mlio, na askari walipopita kuuliza aliwaambia hakuona mtu. Kwa nini? "Nilikungoja uje mwenyewe." Kisha kaniuliza kama nina nafasi ya kumvusha.

Nimemvusha. Kapu kalipakata. Ndani ya nguzo maji yalikuwamo, lakini nikazunguka nje, mashine chini kabisa. Imechukua muda mrefu. Kanipa hamri moja, bado la moto.