Nywila ya Kompyuta ya Kliniki

Mwanangu, fahari ya tumbo langu,

Sisi wazima. Dada yako amejifungua msichana mwenye paji lako la uso, basi akili anayo tayari.

Baba, ile skripti yako kwenye kompyuta ya mapokezi ninapofanya kazi, inayojiendesha kimyakimya na kuwatumia wagonjwa ujumbe wa siku ya sindano, imesimama tangu wiki jana. Nikitaka kuiwasha inadai nywila yako. Daktari alileta fundi, nikamfukuza: "Kazi ya mwanangu haishikwi na kila mtu!" Fundi akacheka. "Haya mama, iwashe wewe."

Jana yule mzee mshona viatu, ambaye hakupata ujumbe, aliletwa amebebwa, hajitambui. Bado hajaamka.

Nimemwomba fundi radhi mbele ya wauguzi wote. Anasema bila nywila mikono yake imefungwa. Simu zangu hupokei, na sababu naijua: mkeo nilimtolea maneno yasiyosemeka. Kama hutaki kuniandikia mimi, mwandikie fundi. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Sitamuuliza umesema nini.

Mimi mama yako, ninayekusifu hata kwa wasioniuliza.