Chembe Iliyokataa Kukimbia

Ndugu yangu Ombati, uliyelala Keroka,

Sikuandikii kukuomba msamaha. Umeshazikwa, na hata ungekuwa hai usingenipa. Ulikuwa mgumu mno. Nakuandikia kwa sababu mwanao anakaa dawati la mbele darasani kwangu, na ana uso wako mtupu, ila yeye ana macho mawili.

Unaikumbuka asubuhi ile? Enzi za vita vya Hitla, mwezi wa saba, baridi ya kung'ata masikio. Ilikuwa miezi sita tangu mimi na wewe tutoke jandoni. Tulitahiriwa siku moja, kisu kimoja, na wewe hukupepesa hata kope. Mwalimu wetu wa sayansi alifunga madirisha ya darasa, akasukuma madawati pembeni.

"Leo nyinyi ni hewa," akasema. "Kila mmoja ni molekuli, chumba hiki ni chupa. Na moto ni huyu hapa."

Akanipa fimbo mimi. Nilikuwa wa pili darasani na wewe wa kwanza, kila muhula, na yule mzee alijua nitaifurahia. Nilifurahi, Ombati, nisikufiche.

"Hewa baridi haisimami, inakwenda polepole," akaeleza. Mkatembea mkigusagusa kuta. "Haya, washa moto!" Nikawachapa miguu, wenzako wakakimbia, mabati ya ukutani yakaanza kulia pu, pu, pu. "Mnasikia? Joto likipanda, chembe zinaongeza mbio, zinagonga mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Mbio zikiwa maradufu, nishati ya mwendo ni mara nne!" Watu walicheka kweli.

Wewe peke yako ulisimama kando ya dirisha, umekunja mikono. Mwalimu akakuuliza kulikoni.

"Mimi si omoisia," ukajibu. "Mwanamume aliyetahiriwa hakimbii fimbo."

Loo! Omoisia, kijana asiyetahiriwa, kwetu hakuna tusi linalouma zaidi. Na wiki moja tu nyuma mimi nilikuwa nimeikimbia fimbo hiyohiyo mpaka mtoni, shule nzima ikiona. Hukunitazama uliposema, lakini wengine wote walinitazama.

"Chembe hii ni baridi," mwalimu akasema. "Ipashe."

Nikakupiga mapaja, nikakupiga mgongo. Hukusogea. Basi nikakuacha, nikawageukia wale wengine, nikawachapa kama mwendawazimu, nikiwaelekeza dirishani. Nilijua ninachofanya. Yule kijana mkubwa wa Suneka alikuja mbio zote, akakuvaa kwa bega, ukaenda kwa uso kwenye komeo la dirisha. Jicho la kushoto. Hata hapo hukulia, na mimi nilikuchukia zaidi kwa kutolia kwako.

Mama yako alipokuja, mwalimu akamwambia uliteleza ukicheza. Hakumwamini. Akanigeukia mimi, mtoto aliyekuwa akila chungu kimoja na wewe: "Mwanangu, ni kweli?"

"Ndiyo, mama. Aliteleza."

Hukurudi shuleni. Nafasi ya kwenda shule ya juu ilikuwa moja tu, nikaichukua. Kwenye mtihani waliuliza kwa nini gesi ikipashwa moto husukuma kuta za chombo. Nilijibu vizuri sana. Wewe ukauza ndizi Keroka, jicho likichuruzika maji, na tukikutana barabarani wewe ndiye uliyekuwa ukitangulia kunisalimu. Salamu zako ziliniudhi. Heri ungenitemea mate.

Jana nilifundisha somo lilelile. Mimi simchapi mtu. Niliuvika mdomo wa chupa kibofu cha mbuzi, nikaitumbukiza kwenye maji ya moto, kibofu kikavimba, watoto wakapiga makofi. Kengele ilipolia mwanao akabaki.

"Mwalimu, baba alipotezaje jicho? Kila nikimuuliza alikuwa akisema, 'Siku moja utasoma kwa rafiki yangu. Muulize yeye.'"

Kumbe ndivyo ulivyonilipiza, wee mtu! Ukanyamaza miaka yote hiyo, ukamwachia mtoto wako swali, ukafa ukiamini kwamba mbele yake nitashindwa kusema uongo.

Hukunijua, Ombati.

Nilimwambia uliteleza. Akasema, "Asante, mwalimu," akachukua kitambaa, akanifutia ubao vizuri kabisa, mpaka pembeni.

Lala, na usiningoje huko.

Ni mimi, ndugu yako wa jando.