Karatasi Iliyofunga Chupa

Lecce,
Ijumaa, tarehe 1 Agosti

Kwa Mama yangu,

Shikamoo Mama. Nakuamkia kwanza kwa sababu ndivyo mlivyonilea, na hasira si ruhusa ya kuvunja adabu. Natumaini u mzima na goti lako limepata nafuu. Baba naye mgongo unaendeleaje? Na yule mbuzi mkorofi ameacha kula waridi za jirani? Mimi kiwiliwili sijambo, nakula, na kozi yangu ya kiangazi huku ugenini naihudhuria. Hali ya Bibi sikuulizi, Mama. Nimekuuliza wiki nne nzima kwenye simu, na kila mara ulikuwa na jibu. Nadhani yanatosha.

Najua sasa hivi umekaa hapo jikoni, barua mkononi, unajiuliza nani kanitobolea siri. Hakuna aliyefungua mdomo. Ni chupa ndiyo iliyosema.

Kifurushi chenu alikileta Nanko dereva Jumanne mchana, basi lake lilipofika hapa. Nilikifungulia chumbani, mezani, na wenzangu wawili walikuwepo: Kalina wa mtaa wetu, ambaye umemwona akikua, na Momchil, yule mrefu wa Plovdiv tunayesoma naye. Momchil akaanza mzaha wake, kwamba mama yangu kahamisha ghala zima na Nanko apewe leseni ya lori. Akaanza kufungua chupa za lyutenitsa, ile rojo ya hoho na nyanya, moja moja. Zile alizosonga Bibi Septemba, hoho zikichomwa uani, zenye mwandiko wake kwenye vifuniko. Baba kazifunga vizuri kwa karatasi, kama kawaida yake. Chupa ya nne Momchil aliifungua, akainyoosha karatasi mezani kwa kiganja. Akaniuliza kwa sauti ndogo, huyu mama wa kilemba mbona ana pua yako.

Lilikuwa tangazo la msiba. Picha ya Bibi, msalaba pembeni, mstari mweusi kuzunguka. Stoyanka, miaka themanini na mmoja, ametutoka tarehe 2 Julai. Na chini yake majina ya waliofiwa: wewe, Baba, baba mdogo, na mimi. Mimi nimo, Mama. Nimechapwa kwa herufi nyeusi kati ya wafiwa, nami siku zile nilikuwa natembea hapa na kofia ya pwani kichwani, nalamba aiskrimu.

Baba simlaumu. Najua alichapisha nyingi, zikabaki juu ya kabati, akatafuta karatasi za kufungia na miwani yake haijui iko wapi, kama siku zote. Yeye alikosea. Wewe ulidhamiria.

Karatasi hiyo ilibandikwa kwenye mlango wetu. Ilibandikwa duka la mikate, lango la kanisa, nguzo ya kituo cha basi. Watu wa Asenovgrad, mji wetu wenyewe, walisimama wakingoja basi lao wakamsoma Bibi yangu, waliokuwa wanamjua na wasiomjua. Mtu aliyepita njia tu kununua sigara alijua. Mimi niliyelala kitandani pamoja naye mpaka nina miaka tisa, mimi ndiye niliyekuwa sijui. Hivi hilo linakuingia akilini?

Tena ungekuwa umenyamaza tu, ningesema ulishikwa na butwaa. Lakini wewe hukunyamaza, ulitunga. Jumapili ya kwanza ulisema Bibi kalala, tena anakoroma kama trekta. Ya pili ulisema yuko bustanini ananyweshea nyanya. Ya tatu ukamtia uziwi, eti simu haisikii tena, nikupe wewe salamu utamfikishia. Nikakupa. Na ile postikadi ya paka aliyelala kwenye ngazi za kanisa, uliniambia Bibi aliicheka mpaka meno ya bandia yakataka kumtoka, na kwamba ameibandika kwenye friji. Nilifurahi sana siku ile, nikawasimulia darasa zima. Alikuwa ana siku kumi na nane udongoni, Mama. Ulimchekesha maiti ili mimi nipite mtihani.

Na Kalina. Uligeuza hata rafiki yangu. Nilimtazama pale mezani nikaona hakushtuka, nikajua. Alilia akasema ulimpigia simu siku ile ile ya maziko, ukamwapisha, ukamlilia, yeye angefanya nini mbele ya mtu mzima anayelia. Wiki nne tumesafiri pamoja kwenye treni, bega kwa bega, Otranto, Ostuni, Taranto, na kila nilipomtaja Bibi yeye alitazama dirishani. Siku moja machozi yalimtoka, akasema ni jua. Nilimpa miwani yangu. Sasa hatusemezani, na hilo nalo ni deni lako, kwa sababu mtoto wa watu hakuwa na kosa.

Usinijibu kwamba ulitaka nisome kwa utulivu. Usiniambie Bibi mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Wafu wa nyumba yetu wameshasemewa mengi mwezi huu. Na wala usiniulize kama kuja kwangu kungemfufua. Kusingemfufua. Lakini ningemvalisha soksi zake za sufu, maana anaona baridi hata Julai. Ningembusu kipaji cha uso. Ningemtupia konzi yangu ya udongo. Msiba si mali yako peke yako, ukaugawa kwa unayemtaka na kumnyima usiyemtaka. Yule alikuwa mama mkwe wako, lakini alikuwa Bibi yangu.

Basi sikiliza nilivyoamua. Nimehesabu siku. Arobaini yake mtaisoma Jumamosi ya tarehe 9, na najua mlikuwa mmepanga muisome kimya kimya halafu mnipigie simu kuuliza mtihani umekwendaje. Mtihani ni Ijumaa, tarehe 8. Siufanyi. Nimemweleza mwalimu, akasema bila mtihani hakuna cheti, nikamwambia asante. Mabasi yamejaa, Agosti kila mtu anarudi kwao, ila Nanko amenipatia kiti cha Alhamisi, na barua hii anatangulia nayo. Ijumaa mchana nitakuwa mlangoni. Ngano ya arobaini usiiguse. Usiioshe, usiichemshe, usimpe jirani aichemshe. Nitaichemsha mimi, na sukari nitainyunyiza mimi, na kila atakayekuja makaburini atapewa kijiko na mkono wangu. Ni hilo tu lililobaki, na hilo hamninyang'anyi.

Nilitaka niishie hapo. Nilishakunja karatasi, nikaikunjua. Kuna jambo hulijui, na ukinipokea mlangoni bila kulijua nitakuwa nimekaa mezani kwako kama hakimu, na mimi si hakimu.

Siku ninaondoka Bibi alinivuta nyuma ya lango. Alinipa mishumaa miwili myembamba ya nta, ameifunga kwenye leso. Aliniambia nikafike Bari, kanisani kwa Mtakatifu Nikola, mmoja niuweke juu kwa ajili ya wazima wa nyumba yetu, na mmoja chini mchangani, wanakowashiwa wafu, kwa ajili ya marehemu Babu. Alisema miguu yake haiwezi tena kufika huko, basi nimwazime yangu.

Jumapili ya tarehe 29 Juni tulipanda treni kwenda Bari kwa ajili hiyo. Njiani tukaona bahari. Treni ikasimama Polignano, na Momchil akasema Mtakatifu kangoja karne ngapi, atashindwa kungoja wiki moja? Nilicheka kuliko wote, na nikateremka wa kwanza. Mchana kutwa tuliogelea, na mfuko wangu ulikaa juani juu ya mawe. Jioni Bibi akapiga simu, na swali lake la kwanza lilikuwa mishumaa. Nikamwambia nimeiwasha. Hakuniuliza zaidi, ni mimi mwenyewe niliyeongeza chumvi: kwamba wa juu uliwaka bila kutikisika, kwamba wa chini niliusindikiza kwa sala, kwamba padri mmoja mzee aliniuliza natoka wapi akambariki na Bibi yangu pia. Nilimsikia akishusha pumzi. Akasema, sasa nimetulia, kifaranga changu, sasa hata nikilala nalala. Siku tatu baadaye akalala.

Juzi Jumatano niliacha kipindi nikaenda Bari peke yangu. Nilishuka mpaka chini kwenye kaburi la Mtakatifu, nikafungua leso. Jua la siku ile lilikuwa limeilainisha mishumaa ikagandana, wa wazima na wa wafu, huwezi kujua upi ni upi. Nilijaribu kuitenganisha kwa ukucha ikaanza kukatika. Nikabaki nimesimama na mshumaa mmoja wenye tambi mbili, sijui niuweke juu au chini, watu nyuma yangu wanasukumana. Nikaurudisha kwenye leso nikatoka.

Sasa unajua. Wewe ulinidanganya mimi juu ya mtu aliyekufa, nami nilimdanganya yeye angali hai. Hasira yangu kwako haijapungua hata kidogo, wala usidhani nimeandika haya ili tuwe sawa. Jumamosi ngano ikishaliwa na watu wakishaondoka, wewe baki. Tutauwasha huo uliogandana pale pale kaburini, tumeushika wote wawili, na kila mmoja atamwambia Bibi uongo wake kwa mdomo wake. Utaanza wewe, kwa kuwa ndiwe mkubwa.

Nisalimie Baba, mwambie miwani iko ndani ya kabati la chumvi, aliisahau tangu Pasaka. Nisalimie jirani wa waridi. Goti lako lipumzishe, usije kituoni kunipokea, nitatembea mwenyewe. Postikadi ya paka, kama kweli iko kwenye friji, iache hapo hapo nije niione.

Ni mimi mwanao, na kifaranga cha Bibi,

Ralitsa