Kasimiri Ambrosi, Aliyesema Mizigo Ikiwa Bado Chini

Mwaka mmoja umetimia tangu tulipokuzika hapa Tabora, Kasimiri, Julai ya 1958, baada ya homa ya mapafu kukushinda nguvu. Ulikuwa na umri wa miaka thelathini na sita. Nyumba yako ya mtaa wa Cheyo ipo kama ulivyoiacha, na viatu vyako vya kriketi vyenye misumari mama hataki viondolewe ukutani.

Ulikuwa karani wa mizigo stesheni. Hukuchelewa kazini, hukupokea kitu cha mtu, na kila Jumapili baada ya misa ulipita kwa mama kumwamkia kabla hujanywa chai kwako. Ulipenda karanga za kuchemsha. Maganda hukuyatupa chini, uliyatia mfukoni, na mkeo Eustadia aliyakuta kila alipofua.

Watu wa mbali wanakujua kwa kriketi. Ulijifunza mchezo huo katika shule ya bweni, wewe na mdogo wako Wenceslaus, ambaye sasa ni mwalimu. Uliurusha mpira kwa kasi, hata mshika gongo akasikia vijiti vikianguka nyuma yake kabla hajainua mkono. Lakini mwili wako haukuistahimili kasi yako. Shuleni kiliumia kifundo cha mguu, kisha ukaja mgongo, kisha goti la kushoto, ambalo halikupona kabisa. Mtani wako Mussa, Mzaramo mliyefanya naye kazi relini, hakuchoka kukusimanga.

"Mnyamwezi gani wewe? Babu yako alibeba pembe za ndovu toka hapa mpaka pwani kwetu, na wewe kampira kasikofika nusu ratili kamekuvunja mgongo!"

"Babu alifika salama," ulimjibu. "Aliyemwibia chakula Bagamoyo ndiye babu yako."

Babu huyo, mpagazi, alikuachia sheria ya msafara. Mwenye mguu mbovu husema kambini asubuhi, mizigo ikiwa bado chini, ili wenzake wagawane mzigo wake. Akinyamaza, kisha akautua njiani, amewatupa wenzake. Na akishauinua, ni wake mpaka kambi inayofuata. Uliishika sheria hiyo kama ulivyoishika katekisimu.

Mwaka 1954 uliitwa katika timu ya Tanganyika kupambana na Kenya, Dar es Salaam. Wenceslaus na Mussa walipanda gari moshi pamoja nawe. Njiani goti lilivimba. Ulilifunga bendeji ndani ya suruali, na hakuna aliyeona. Asubuhi ya mchezo ulimwendea kapteni.

"Bwana, goti langu halitafika jioni."

"Mbona sikukuuliza, Kasimiri?"

"Hukuniuliza. Ndiyo maana nasema."

Akaingizwa mwingine, nawe ukabaki kivulini, ukiwapelekea wenzako maji uwanjani. Mussa aliwaka: "Siku nzima na usiku kucha ndani ya behewa, kumbe umekuja kututangazia ugonjwa!" Wenceslaus alinyoosha tai yake, akakaa wima zaidi.

Uliporudi, maneno yalienea barazani mtaa wa Kanyenye: Kasimiri kawaogopa Wakenya. Eustadia alikuambia kwa uchungu, "Ungenyamaza, baba Imakulata, ungecheza." Ukamjibu, "Ningecheza mpaka saa sita. Baada ya hapo nani angebeba?" Barazani hukwenda kujitetea hata siku moja.

Mwaka 1956 uliitwa tena, safari hii dhidi ya Uganda. Asubuhi ulikuwa mzima, nawe ukasema u mzima. Baada ya chakula cha mchana mgongo ulikukamata. Kapteni alikuonyesha kivulini.

"Toka, Kasimiri. Hakuna atakayekulaumu."

"Asubuhi nilisema mzima, bwana. Mzigo uko begani."

Ulirusha mpaka jua lilipopungua, ukichechemea, midomo imekukauka, na ukawatoa washika gongo wawili. Uganda walishinda hata hivyo. Kwa mwezi mzima hukuweza kufunga viatu mwenyewe, na hukurusha tena kwa kasi. Huo ndio mchezo wako mmoja kwa nchi yako. Tunauandika hapa ili wa Kanyenye wajue kuwa yule aliyekaa kivulini mwaka 1954 na yule aliyekataa kivuli mwaka 1956 ni mtu yule yule, na sababu yake ni ile ile.

Siku ya mazishi Mussa alishika jeneza upande wa mbele, akatania kama ilivyo desturi: "Umenipata, Mnyamwezi! Leo Mzaramo ndiye mpagazi wako." Mama alicheka, mara ya kwanza tangu ulipofariki. Njia ilikuwa ndefu na wachukuzi walipokezana. Wenceslaus alipoona shati la Mussa limelowa na miguu inayumba, alimsogelea ampokee.

Mussa alitikisa kichwa. "Niache, Mwalimu. Pale nyumbani uliniuliza kama naweza, nikasema naweza."

Hakumwachia mtu mpaka kaburini.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi asubuhi. Unakumbukwa na mama yako Pelagia, mkeo Eustadia, binti yako Imakulata, mdogo wako Wenceslaus, na mtani wako Mussa, aliyetuagiza tumwandike mwisho ili Wanyamwezi watangulie njiani kama zamani.

Maadamu tuko hai, Kasimiri, tutakukumbuka.